Seva za wasanidi zimepanda vizuri, klasta imetuangusha. Awamu ya pili tuipange vipi?

#1 Mlinda_Nodi
Wakuu, salaam. Naomba mawazo yenu kabla sijampelekea mkuu wa idara tarehe mpya.

Tuna seva nane za wasanidi programu, na klasta ya nodi mbili (seva mbili zinazopokezana kazi moja) inayobeba hifadhidata ya PostgreSQL 13 ya laivu. Zote zilikuwa kwenye mfumo endeshi wa CentOS 7, tunakwenda AlmaLinux 9. Mpango ulikuwa ule unaosemwa na kila mtu: anza na za wasanidi, ziache wiki tatu, kisha ingia kwenye klasta nodi moja moja. Za wasanidi zilipanda bila kero. Majaribio yote yakapita, tukapongezana.

Jumamosi iliyopita tukaijenga upya nodi ya akiba kwa AlmaLinux 9, tukavuta data kwa `pg_basebackup`, ikawa replika (nakala inayofuata kila kinachoandikwa kwenye nodi kuu), ikafika sawa na nodi kuu. Corosync, inayoziunganisha nodi za klasta, ikagoma kabisa kuungana na nodi ya zamani, kwa hiyo tukakabidhi zamu kwa mkono. Saa 4 usiku nodi mpya ikashika usukani. Dakika kumi baadaye simu zikaanza: mteja yupo ukimtafuta kwa namba, ukimtafuta kwa jina hayupo. Si wote, baadhi tu. Kwenye logi hakuna kosa hata moja. Baada ya dakika 40 tukairudishia zamu nodi ya zamani, simu zikakoma.

Dai langu: kuanza na seva za wasanidi hakukutusaidia chochote. Wiki tatu nzima tulikuwa tunajipa moyo. Anayepinga aje na hoja.

#2 Kipanga
Nimekaa mbele kabisa. Ngoja waje wenye klasta zao.

#3 FundiKeneli
Mkuu, hiyo ni glibc, maktaba ya msingi ya C kwenye Linux. CentOS 7 ina glibc 2.17, AlmaLinux 9 ina 2.34, na katikati yake lipo toleo 2.28 la mwaka 2018 ambalo lilibadilisha kanuni za kupanga maandishi. PostgreSQL isipoelekezwa vingine huiachia glibc kazi ya kuamua jina lipi litangulie lipi. Faharasa yako (index, orodha iliyopangwa ya kutafutia) ilijengwa kwa mpangilio wa zamani, halafu inasomwa na nodi yenye mpangilio mpya. Ukitafuta jina, hifadhidata inashuka kwenye mti wa faharasa, inafika njia panda, inakata kulia wakati jina liko kushoto. Haioni kitu, inakujibu hakuna. Logi haiandiki kosa kwa sababu yenyewe haijui kwamba imekosea.

Namba hazina habari na mpangilio wa herufi, ndiyo maana kwa namba alipatikana.

Endesha hii kwenye nodi zote mbili:

`( echo "1-1"; echo "11" ) | LC_COLLATE=en_US.UTF-8 sort`

Ya zamani itaanza na 11. Mpya itaanza na 1-1.

#4 Mlinda_Nodi
Nimeendesha sasa hivi. Ni kama ulivyosema, zimetofautiana. Asante sana. Lakini mbona seva za wasanidi hazikulionyesha hilo? Nazo zina PostgreSQL ileile na zimetoka CentOS 7 ileile.

#5 Bi_Faharasa
Mlinda_Nodi, data ya seva za wasanidi iliingiaje baada ya kupandisha mfumo?

#6 Mlinda_Nodi
Tulifuta kila kitu, tukasimika upya, tukarudisha kwa `pg_dump` na `pg_restore`.

#7 Bi_Faharasa
Basi jibu unalo mkononi. `pg_restore` inaingiza safu (rekodi moja moja) kisha inajenga faharasa upya pale pale, kwa glibc mpya. Ilizaliwa ikiwa sahihi. Kwenye klasta mlipita njia nyingine: `pg_basebackup` na replika vinanakili kurasa za diski kama zilivyo, baiti kwa baiti, pamoja na mpangilio wa zamani.

Kwa hiyo sikubaliani na dai lako la #1. Kosa halikuwa kuanza na seva za wasanidi. Mlipandisha za wasanidi kwa njia moja, na klasta kwa njia nyingine ambayo hamkuwahi kuijaribu popote. Wiki tatu zile zilithibitisha kwamba programu zenu zinawaka juu ya AlmaLinux 9, na hilo lina thamani yake. Kuhusu kukabidhi zamu hazikusema lolote, kwa sababu hamkuziuliza.

#8 Mzee_wa_Tepu
Dada hapo juu kanena. Nimekuwa kwenye kazi hii tangu tunabadilisha tepu za bakapu kwa mkono, na mara zote nilizoangushwa, kilichoniangusha ni hatua ambayo sikuifanyia mazoezi. Kusimika mfumo tumekuzoea, wala hakuna anayeogopa. Kukabidhi zamu tunakufanya mara moja kwa mwaka, usiku, tumechoka.

Kijana, tafuta mashine pepe mbili kati ya hizo nane za wasanidi, zifanye klasta kamili yenye Pacemaker (inayoamua nodi ipi ishike zamu), anwani inayohama na kila kitu. Hapo ndipo mazoezi yawe.

#9 Kipanga
Kwani CentOS 7 si bado ina pachi mpaka mwisho wa 2025? Haraka ya nini?

#10 FundiKeneli
Kipanga, hapana. CentOS 7 ilifikia mwisho tarehe 30 Juni 2024. CentOS 8 ndiyo ilitangulia kufa, tarehe 31 Desemba 2021, ingawa ilikuwa changa zaidi. Mwenye CentOS 7 leo anaendesha seva isiyopata pachi za bure kutoka kwa walioitengeneza.

#11 Kipanga
Nimesahihishwa, shukrani.

#12 Saa_Nane_Usiku
Mimi siko upande wa glibc, au tuseme siko upande wake peke yake. Mleta uzi, programu yenu inasoma kutoka nodi ipi? Wengi huandika kwenye nodi kuu na kusoma kwenye replika ili kupunguza mzigo. Ikiwa utafutaji wa jina unakwenda replika na utafutaji wa namba unakwenda nodi kuu, basi mlichokiona kinaweza kuwa replika iliyochelewa. Mkikabidhi zamu, nodi ya zamani inageuka replika na lazima ianze kufuata. Ikichelewa hata kidogo, mteja aliyesajiliwa muda huo huo hatapatikana kwa jina, na kwa namba atapatikana. Dalili ni zilezile.

#13 Mlinda_Nodi
Hapo umenigusa. Ukurasa wa dawati unasoma nodi kuu kwa kila kitu. Ukurasa wa mawakala unatafuta jina kwenye replika. Tiketi hazisemi malalamiko yalitoka ukurasa upi.

#14 Saa_Nane_Usiku
Na kama ni ukurasa wa mawakala, FundiKeneli itabidi atueleze. Usiku ule replika ilikuwa nodi ya zamani, yenye glibc ya zamani na faharasa ya zamani. Hapo hakuna ugomvi wa mpangilio.

#15 FundiKeneli
Kwa safu za zamani hakuna, nakubali. Kwa zilizoandikwa ndani ya dakika 40, upo. Nodi mpya iliziingiza kwenye faharasa kwa mpangilio wake mpya, na replika ya zamani ikapokea kurasa hizo kama zilivyo.

#16 Bi_Faharasa
Jamani subirini kidogo, hilo la FundiKeneli ni zito kuliko ubishi wenyewe. Mlinda_Nodi, ulirudisha zamu kwa nodi ya zamani bila kupoteza data ya zile dakika 40, sivyo? Basi kila kilichoandikwa wakati ule kimeingia kwenye faharasa ya nodi unayoitegemea SASA HIVI, kikiwa kimepangwa kwa kanuni ambayo nodi hiyo haiijui. Malalamiko kukoma si ushahidi kwamba umepona.

Fanya hivi leo, usingoje awamu ya pili. Weka kiendelezi cha `amcheck` kwenye nodi kuu, kisha pitisha `bt_index_check` kwenye kila faharasa ya maandishi. Inachukua kufuli jepesi tu, haizuii watu kusoma wala kuandika, ila itaipa diski kazi, kwa hiyo chagua saa tulivu.

#17 Mlinda_Nodi
Nimesoma nikasimama. Naifanya usiku huu.

#18 Nyuzi_Nane
Wakati tunamsubiri: mleta uzi, kuna Java yoyote ndani ya kontena kwenye hizo seva? AlmaLinux 9 inakuja na cgroup v2, njia mpya ya keneli kuziwekea programu ukomo, kama chaguo la kawaida. Java 8 kabla ya 8u372, na Java 11 kabla ya 11.0.16, haziusomi ukomo wa kumbukumbu kwa njia hiyo mpya. Zinaona kumbukumbu ya seva nzima, zinajipimia lundo kubwa (heap, kumbukumbu ya kazi ya Java), keneli inaziua. Sisi ilitupata hivyo: kwenye seva za wasanidi hatukuona kitu kwa sababu hazina mzigo, lundo halikuwahi kujaa. Kwenye laivu kontena zilikuwa zinakufa kila baada ya saa chache, na siku mbili tuliulaumu mtandao bure.

#19 Mlinda_Nodi
Java zipo mbili. Nitaangalia matoleo. Hili sikuwa nalo kwenye orodha.

#20 Msanidi_Mwenye_Kinyongo
Naomba na mimi nisikike. Mnaziita seva za wasanidi kama vile ni uwanja wa kuchezea. Seva inayounganisha kodi na kuendesha majaribio ikizimika, sisi watu ishirini tunakaa mikono mapajani. Kwetu hiyo ndiyo laivu. Mara ya mwisho timu ya mifumo ilipandisha OpenSSH, ya kuingilia seva kwa mbali, bila kutuambia, na funguo zetu za zamani zikakataliwa kwenye nusu ya kazi zetu.

#21 FundiKeneli
Pole, una haki kabisa. Kuanzia OpenSSH 8.8 ya mwaka 2021, sahihi za `ssh-rsa` zinazotumia SHA-1 (kanuni ya heshi ya zamani) zimezimwa, na familia ya RHEL 9, AlmaLinux 9 ikiwemo, imeikaza SHA-1 katika mfumo mzima. Ila ufunguo wa RSA wenyewe haujafa. Programu mpya inausaini kwa SHA-2 na mambo yanaendelea. Kinachogoma ni kifaa au maktaba ya zamani isiyojua kingine zaidi ya SHA-1.

#22 Mzee_wa_Tepu
Kwa hiyo wapangiwe muda wao na watangaziwe, kama wateja wengine. Ndugu Msanidi, kinyongo chako tumekipokea.

#23 Kipanga
Turudi kwenye Corosync iliyogoma. Kuna aliyeielewa? Nami nina klasta kama hiyo, na kuna mtu aliniambia nipande kwa Leapp, zana ya kupandisha toleo bila kusimika upya, kutoka 7 hadi 9 moja kwa moja, nodi moja moja, hakuna kuzima.

#24 Akidi_Haijatimia
Aliyekuambia amekosea mara mbili.

Kwanza, Leapp hairuki. Inatoka 7 kwenda 8, kisha 8 kwenda 9. ELevate ya AlmaLinux nayo imejengwa juu ya Leapp, inakwenda ngazi kwa ngazi vilevile.

Pili, CentOS 7 ina Corosync 2, na familia ya RHEL 8 na 9 ina Corosync 3. Hizi mbili hazielewani kwenye waya. Ile ya 3 inatumia knet kusafirisha ujumbe, na klasta moja haiwezi kuchanganya nodi za 2 na za 3. Mleta uzi, nodi yako haikuwa na hitilafu yoyote. Isingeungana hata mngekesha.

Na hapa naomba nishike kidogo, kwa sababu naona wengi mnaliona hili dogo. Siku ile mlipokuwa mnakabidhi kwa mkono, klasta ya zamani ilibaki na nodi moja. Klasta ya nodi mbili inaishi kwa ruhusa maalumu: `two_node: 1` inairuhusu nodi moja iendelee bila wingi wa kura, yaani akidi ya kawaida, na kinachozuia maafa ni kwamba kila nodi inaweza kumkata umeme mwenzake. Hiyo STONITH mliiacha imewaka au mliizima? Kama iliwaka, Pacemaker ya nodi ya zamani ingeweza kuona mwenzake kapotea, ikamkata umeme, huku nyinyi mkijaribu kumpa zamu. Kama mliizima na hamkuiweka klasta kwenye `maintenance-mode`, Pacemaker ingeweza kuirudisha nodi ya zamani kuwa kuu kwa hiari yake. Mngekuwa na nodi kuu mbili, kila moja inaandika kivyake. Hapo hakuna `amcheck` itakayowaokoa. Mngekaa wiki nzima mkichagua ni data ya nani itupwe.

#25 Mlinda_Nodi
Tulizima STONITH. `maintenance-mode` tuliiweka, nashukuru.

#26 Akidi_Haijatimia
Afadhali. Andika hatua hiyo kwa herufi kubwa kwenye mpango wa pili.

#27 Dirisha_Wazi
Kwa upande wetu wa Windows Server hili lilitatuliwa kitambo. Tangu toleo la 2016 unaweza kuchanganya nodi za toleo la zamani na jipya ndani ya klasta moja, unahamisha mzigo, unajenga nodi upya, unairudisha ndani. Ukimaliza zote unatoa amri ya `Update-ClusterFunctionalLevel`.

#28 FundiKeneli
Tulijua tu utakuja, karibu. Lakini waambie pia kwamba amri hiyo ikishatolewa hakuna kurudi nyuma, na kwamba Microsoft wenyewe wanashauri mchanganyiko huo usikae zaidi ya wiki nne.

#29 Dirisha_Wazi
Kweli yote mawili. Ndiyo maana nilisema *ukimaliza zote*.

#30 Mlinda_Nodi
Wakuu, nimerudi. `bt_index_check` imemaliza kwenye nodi kuu. Faharasa za maandishi ziko 31. Mbili zimelalamika kwamba vipengele haviko kwa mpangilio: ya jina la mteja na ya jina la mtaa. Bi_Faharasa, Mungu akuweke. Nimezijenga upya kwa `REINDEX INDEX CONCURRENTLY`, hakuna aliyehisi kitu.

Nimepekua pia tiketi za usiku ule. Wateja waliolalamikiwa ni 11. Saba wana kistari, nafasi au ritifaa kwenye jina, hasa wenye *ng'* katikati. Wanne wana majina ya kawaida kabisa, herufi tupu.

#31 FundiKeneli
Saba hao ni wangu. glibc ya zamani ilikuwa inaziruka alama kama ritifaa kwenye raundi ya kwanza ya kulinganisha, *ng'o* ikakaa jirani na *ngo*. Mpya inaihesabu ritifaa, kwa hiyo jina linahama mahali.

#32 Saa_Nane_Usiku
Na wanne ni wangu. Walisajiliwa lini?

#33 Mlinda_Nodi
Watatu siku ileile ya Jumamosi, mchana na jioni. Mmoja mwezi uliopita.

#34 Saa_Nane_Usiku
Watatu wa siku ileile! Hiyo ni replika.

#35 Bi_Faharasa
Wa mchana, replika haiwezi kuwa inamkosa saa 4 usiku isipokuwa ilikuwa imekatika kwa masaa. Kama ilifika sawa kabla ya zamu, alichosema mleta uzi #1, basi hao watatu hawaelezeki hivyo. Jina la kawaida nalo linaweza kupotea kwa kosa la jirani yake: likikaa upande wa pili wa kizigeu (jina linalotenganisha kurasa) chenye ritifaa, mti unakupeleka ukurasa usio wake.

#36 Nyuzi_Nane
Kashe je? Programu nyingi huhifadhi jibu la "hakuna" kwa dakika kadhaa. Katika zile sekunde za kukabidhi zamu, ombi lililoshindwa likatafsiriwa kuwa hakuna matokeo, likahifadhiwa. Hilo linamweleza hata yule wa mwezi uliopita.

#37 Mlinda_Nodi
Kashe tunayo, dakika 15. Lakini simu ziliendelea hadi dakika ya 40.

#38 Nyuzi_Nane
Kwa hao wanne simu ziliingia saa ngapi?

#39 Mlinda_Nodi
Mbili ndani ya robo saa ya kwanza. Nyingine mbili baadaye.

#40 Mzee_wa_Tepu
Basi kila mtu kapata wake. Tupange awamu ya pili, jamani.

#41 Bi_Faharasa
Mimi ningefanya hivi. Jenga klasta mpya kando, nodi mbili zote AlmaLinux 9, Corosync 3 kwa Corosync 3, STONITH imejaribiwa kwa kukata umeme kwelikweli. Data ihamie kwa urudufishaji wa kimantiki, ambao PostgreSQL inao tangu toleo la 10. Unapeleka safu badala ya kurasa za diski, kwa hiyo faharasa zinajengwa upande mpya kwa kanuni mpya. Mambo mawili hauyabebi: mabadiliko ya muundo wa majedwali, na vihesabu vya `nextval`. Vihesabu usipovisogeza kwa mkono kabla ya kufungua mlango, mteja wa kwanza mpya atapewa namba yenye mwenyewe.

#42 FundiKeneli
Kama mashine za ziada hazipo, njia ya replika bado inawezekana, ila ukishaipa nodi mpya zamu, jenga upya faharasa zote za maandishi KABLA ya kuwaruhusu watu. Kwenye replika huwezi, haiandikiki. Na ujue kwamba ukishajenga, nodi ya zamani inapokea faharasa za mpangilio mpya. Njia ya kurudi imefungwa, labda ujenge tena kule.

#43 Akidi_Haijatimia
Ndiyo maana naunga mkono #41. Pia diski: kama mna hifadhi ya pamoja, msitengeneze mfumo mpya wa faili wa XFS kwenye AlmaLinux 9 mkitegemea CentOS 7 itaufungua. `mkfs.xfs` ya sasa inawasha vitu ambavyo keneli za kabla ya 5.10 hazivijui.

#44 Mlinda_Nodi
Nimeelewa. Mashine za kuazima nimeahidiwa mbili. Mpango: wiki ya kwanza klasta ya mazoezi kwenye seva za wasanidi, data ikitoka kwenye nakala ya kurasa za laivu, si `pg_dump`. Wasanidi wanatangaziwa siku tano kabla. Wiki ya pili klasta mpya kando. Tarehe ya kukabidhi nitaiweka baada ya kukabidhi na kurudisha mara tatu kwenye mazoezi bila kosa. Usiku ule nitahifadhi pia `pg_stat_replication` (inaonyesha replika imechelewa kiasi gani) kila sekunde kumi, na tiketi zitaandika ukurasa.

#45 Msanidi_Mwenye_Kinyongo
Siku tano zinatosha. Asante.

#46 Saa_Nane_Usiku
Hiyo `pg_stat_replication` ndiyo niliyokuwa naingoja. Kwenye mazoezi msajili mteja mwenye jina la herufi tupu dakika moja kabla ya kukabidhi, mumtafute kwa ukurasa wa mawakala.

#47 FundiKeneli
Na mwenye ritifaa, kwa ukurasa wa dawati.

#48 Nyuzi_Nane
Na mkizima kashe kwanza, kisha mkirudia ikiwa imewashwa.